Mfumo Haujasema Chochote

Sentensi ninayoichukia kuliko zote katika mji huu ni hii: "Mfumo ndivyo unavyosoma." Utaisikia dirishani ofisini, benki, hata kwenye mizani ya zabibu. Na sisi tunaoandika mifumo ndio tulioipa nguvu, kwa sababu wengi wetu tunarekebisha programu kwa kubahatisha.

Naanza na dhambi yangu. Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ndogo ya Python kwa kikundi cha wakulima wa zabibu nje kidogo ya Dodoma. Ilizidisha kilo kwa bei, kisha ikakata deni la aliyekopa salfa ya mizabibu. Siku ya malipo mama mmoja akanijia na risiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mimi sijakopa salfa. Hili deni la nani?"

Karani alikuwa ameshamjibu ile sentensi.

Nikaingiza jina lake na kilo zake kwenye kompyuta yangu. Hesabu ikatoka sahihi. Nikatapanya print() kila kona ya programu, nikabadili mstari huu, nikarudisha ule, siku tatu nzima. Kila nilipomjaribu peke yake, sahihi. Nilikaribia kuamini kwamba mama amesahau deni lake.

Mwenzangu mmoja akaniuliza, "Umeisimamisha?" Sikuwa nimeisimamisha. Akaandika breakpoint() mwanzoni mwa fanksheni ya malipo, akaingiza foleni yote ya siku ile. Hiyo ndiyo brekipointi: mahali unapoiamuru programu isimame katikati ya kazi, ikiwa na kila ilichoshika mkononi, nawe uikague kabla haijapiga hatua nyingine.

Ilipofika zamu ya mama ikasimama. Tukaangalia orodha yake ya makato, ambayo ilipaswa kuwa tupu. Ilikuwa na madeni mawili, ya watu waliomtangulia kwenye foleni. Nilikuwa nimeandika makato=[] kwenye kichwa cha fanksheni, nikidhani kila mkulima atapewa orodha mpya. Python huunda orodha ya namna hiyo mara moja tu, fanksheni inapoelezwa, kisha huitumia hiyo hiyo kila inapoitwa bila kupewa nyingine. Kila aliyekopa aliwaachia deni wote wa nyuma yake. Print zangu zote zilijibu maswali niliyoyachagua mwenyewe, na mimi nilikuwa nauliza kuhusu kuzidisha.

Najua utetezi wa print, maana niliutumia miaka mingi. Ni nyepesi, na kwenye seva inayohudumia watu huwezi kusimamisha kila kitu. Hapo kumbukumbu zilizoandikwa vizuri ndizo zinazofaa. Hata Brian Kernighan alizisifu mwaka 1979, lakini alitanguliza kufikiri kwa makini. Sisi tumechukua print tukaacha kufikiri.

Wala tusisingizie uchanga wa teknolojia. ENIAC ilipozinduliwa Marekani mwaka 1946, Betty Holberton na wenzake walichomoa waya ili hesabu isimame mahali wanapotaka kukagua; jina la brekipointi limetoka huko. Python ina dibaga yake, pdb, tangu zamani, na kuanzia toleo la 3.7 la mwaka 2018 unaiita kwa neno moja tu. Herufi n inakupeleka mstari unaofuata, p inakuonyesha thamani, c inaiachia programu iendelee. Ni somo la alasiri moja. Nilimaliza masomo yangu yote ya programu bila kufundishwa, kwa sababu mtihani uliuliza jibu na haukuuliza nimelipataje.

Mama alirudishiwa fedha yake. Tulipopitia risiti za nyuma tukakuta wengine waliokatwa hivyo hivyo, wakaondoka kimya kwa kuwa waliambiwa mfumo umesema. Mfumo haukuwa umesema chochote. Ulikuwa umebeba kosa langu, nami nilikuwa nabahatisha.

Kwa hiyo wewe unayeandika programu za mishahara, ankara za maji au vyeti, mtu akikuletea risiti na kusema si yake, usiguse mstari hata mmoja kwanza. Isimamishe programu, ukaangalie imeshika nini.