Njia ni Moja, Mwenye Mguu Atangulie

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, sisi vijana wa kikundi tunakutana Ndeeba. Tunazunguka Ziwa la Kabaka, lile lililochimbwa kwa mikono enzi za Kabaka Mwanga II miaka ya 1880, halafu tunapanda Mengo mpaka barabara ya Kabaka Anjagala, kutoka Lubiri hadi Bulange. Wengine wanakimbia, wengine wanatembea tu wakipiga stori. Hakuna kiingilio. Kwa sisi tunaojilipia chumba hapa mjini, bila hata ule mgao mdogo wanaoupata ndugu zetu wa Nakivale na Kyaka, hayo ndiyo mapumziko yetu ya wiki. Kuna wenzetu ambao ni siku hiyo tu kichwa chao kinatulia.

Sasa mwezi uliopita mwenzetu, dada wa miaka 17, aligongwa kwa nyuma. Ilikuwa pikipiki ya umeme, imepanda pembeni tunapopita watu wa miguu ili kukwepa magari. Hatukusikia kitu. Boda ya petroli tunaijua, inapiga kelele toka mbali, mtu unasogea. Hii ilikuja kimya kama paka. Dada alichubuka goti, simu ikapasuka kioo.

Baadhi yetu tulishaanza kugombania ufunguo. Yule kijana akashuka anatetemeka, akasema: "Dada, unisamehe, sikukuona, nimechelewa oda." Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu kabisa. Jamani, ni mtu wa kwetu! Pikipiki yenyewe ya mkopo, kila siku lazima apeleke hela. Mwisho wake hakuna aliyekwenda polisi. Dada aliogopa maswali, kijana aliogopa kunyang'anywa chombo. Kila mtu akaenda na maumivu yake.

Toka siku ile kikundi kimegawanyika. Wengine wanasema vyombo vya umeme vipigwe marufuku kabisa kwenye njia za mazoezi. Wengine wanasema tuache, watu wanatafuta maisha. Sisi tunaoandika hapa tunaona wote wana nusu ya ukweli.

Tuanze na jambo ambalo watu wanalichanganya. Baiskeli ya umeme si sawa na pikipiki ya umeme. Baiskeli ina pedali, mota inakusaidia tu kukanyaga. Ndugu zetu waliofika Ulaya wanajua: kule baiskeli za kawaida za umeme, mota inaacha kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa. Pikipiki ya umeme haina pedali. Ni boda kama boda nyingine, ila badala ya kujaza petroli unakwenda kituoni kubadilisha betri. Basi mahali pake ni barabarani na boda wenzake. Kutotoa moshi hakukupi ruhusa ya kupanda njia ya miguu. Kwa hilo hatuna mjadala.

Baiskeli ya umeme ndiyo ya kuzungumza. Sisi hatutaki ifukuzwe. Kampala ni mji wa vilima. Ukipanda Mengo au Makindye na baiskeli ya kawaida, na mzigo nyuma, unafika umekwisha. Kwa kijana anayepeleka chakula, au mwenzetu mwenye mguu mbovu ambaye angependa kuja mazoezini na sisi, ile mota ni msaada mkubwa. Tena barabara kuu inatisha: takisi huku, lori kule. Tukimfukuza kwenye njia yetu tunamtupa kwa malori.

Lakini kama anaingia kwetu, aje kwa mwendo wetu. Mtu anatembea kama kilomita 5 kwa saa. Na wale waliosoma fizikia watakumbuka: ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu ya kugonga inakuwa mara nne. Kwa hiyo tofauti ya mwendo 12 na mwendo 24 si ndogo kwa mtoto anayevuka kukimbilia mpira.

Pale Kabaka Anjagala kuna mzunguko ambao sisi wote lazima tuuzunguke. Kuna njia inayopita katikati moja kwa moja, ina geti, na anayepita pale ni Kabaka peke yake. Kila tukifika tunacheka: kuna watu wa boda wanaendesha kama vile kila geti ni lao. Ndugu, Kabaka ni mmoja. Sisi wengine tunazunguka na tunasubiriana.

Maombi yetu ni haya. Mwenye baiskeli ya umeme, ukiona watu mbele, punguza mpaka uwe sawa na mtu anayekimbia pole. Piga kengele mapema, si ukiwa umeshafika mgongoni. Kama kengele huna, mdomo unao: "Ssebo, nnyabo, napita!" Ukikuta watoto au mzee, shuka usukume. Haichukui hata dakika.

Na sisi wa miguu tujisahihishe. Tunakimbia watano kwa mstari mmoja kama harusi, njia yote tumeziba. Masikio yote mawili yana spika, halafu tunalaumu kwamba chombo hakina sauti. Sikio moja liwe wazi. Tukae upande mmoja.

Ninyi mnaofanya kazi na mashirika, tunawaomba kitu kimoja. Mkimpa kijana mkopo wa chombo cha umeme, msimpe ufunguo na ratiba ya kulipa tu. Mpeni kengele, helmeti, na siku mbili za mafunzo. Mwelezeni pia akigonga mtu au akigongwa afanye nini na aende wapi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kutembea na kufanya kazi. Lakini haki ya kutembea inakuwa ndogo sana kama mtu akiumia njiani anaona heri anyamaze.

KCCA nao walitengeneza Namirembe Road na Luwum Street kwa ajili ya watembea kwa miguu na baiskeli, na leo ukipita pale unakwepana na boda. Kwa hiyo kutenga njia peke yake hakutoshi.

Wazee walisema mkaa bure si sawa na mtembea bure. Sisi tunataka kuendelea kutembea. Dada yetu bado hajarudi mazoezini, anasema kila kitu kikipita nyuma yake anashtuka. Yule kijana wa Bukavu tumemwalika Jumamosi hii, aje na miguu yake. Amesema atakuja. Tunataka dada naye aje, waongee.