"Mtandao uko chini" si jibu



Kuna jibu ambalo wananchi tumechoka kulisikia: "Mtandao uko chini, njoo kesho." Mtu wa Kwaluguru aliyelipa bodaboda hadi Handeni mjini, au wa Mashewa aliyesafiri hadi Korogwe, ana haki ya kuuliza ni kitu gani hasa kilichoharibika.

Mara nyingine mtandao ni mzima kabisa. Siku hizi seva, yaani kompyuta zinazotunza kumbukumbu na kuhudumia ofisi nyingi, mara nyingi hazipangwi kwa mkono moja moja. Mafundi huandika maagizo, na programu kama Chef, iliyotoka mwaka 2009, huzipanga zote. Fundi anaweza pia kujitungia maagizo yake mwenyewe, na hapo ndipo kosa hupenda kujificha.

Chef hufanya kazi kwa hatua mbili: kwanza hukusanya maagizo yote, ndipo huyatekeleza. Fundi asiyezingatia hilo huagiza faili lisomwe katika hatua ya kwanza, kumbe litaundwa katika hatua ya pili. Ni kama kuita mahudhurio kabla wanafunzi hawajafika. Kosa jingine ni baya zaidi kwa sababu halipigi kelele. Agizo linabadilisha faili la mipangilio lakini halitoi taarifa kwamba limebadilisha, basi huduma inayolitegemea haiwashwi upya. Kazi inaonekana imekwisha salama, huku huduma ikiendelea na mipangilio ya zamani!

Sisi tulioishi na bomba la HTM, lililoleta Handeni maji kutoka upande wa Korogwe, tunajua kwamba fundi makini hakufungua koki ovyo. Alifuata bomba hatua kwa hatua. Hata hapa dawa inajulikana: kusoma kumbukumbu za mtambo, kuendesha kwanza jaribio lisilobadilisha kitu, kisha kuliendesha agizo mara mbili kwenye kompyuta ya pembeni. Mara ya pili lisibadilishe chochote.

Naziomba ofisi zinazohusika zisipokee kazi ya mkandarasi yeyote pasipo majaribio hayo na maelezo ya Kiswahili yatakayomsaidia fundi ajaye. Vyuo navyo vifundishe vijana kutafuta kosa, si kubonyeza tu. Na watumishi wa dirishani wasiachiwe kubuni majibu. Wapewe sababu ya kumweleza mwananchi, pamoja na siku na saa ya kurudi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Handeni, Tanga.