Daktari wa kesho ahitaji takwimu kuliko kalkulasi

WANAFUNZI wa kwanza wa mtaala wa umilisi walijiunga na Gredi ya 10 katika shule za sekondari pevu Januari 2026. Awali ilikusudiwa kwamba Hisabati isiwe ya lazima kwa wote katika kiwango hicho. Baada ya malalamiko mengi, Waziri wa Elimu Julius Ogamba alitangaza Aprili 2025 kuwa kila mwanafunzi angeisoma: walio katika mkondo wa sayansi wasome Hisabati kamili, na wenzao wa mikondo mingine wasome ile iliyopunguzwa uzito.

Kwa mzazi ambaye mwanawe anatamani kuwa daktari, hili si jambo dogo. Nchini Kenya shahada ya udaktari huanza mara tu baada ya sekondari. Hivyo basi, uamuzi ambao kijana wa Marekani huufanya akiwa chuoni, wetu anaufanya akiwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi.

Huko Marekani mwanafunzi husoma kwanza shahada ya kawaida kwa miaka minne ndipo aombe nafasi ya udaktari. Suala la hisabati ipi achague limewakosesha wengi usingizi. Kwa muda mrefu waliambiwa wasome kalkulasi, hata kama hawangeitumia tena maishani. Yamkini ilikuwa chujio tu la kupunguza idadi. Ajabu ni kwamba MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari, hauhitaji kalkulasi. Kikokotoo nacho hakiruhusiwi, kwa hivyo mtahiniwa sharti awe mwepesi wa kukadiria, kutumia logi na kugeuza vipimo. Isitoshe, tangu mtihani huo ubadilishwe mwaka 2015, mtahiniwa hutarajiwa kusoma majedwali na grafu za utafiti na kuamua iwapo hitimisho lina mashiko.

Sababu ya mabadiliko ya aina hiyo si ngumu kuiona. Mwaka 1978 watafiti waliwauliza madaktari na wanafunzi wa udaktari 60 wa Harvard swali moja. Ugonjwa fulani humpata mtu mmoja kati ya 1,000. Kipimo chake huwatia wasiougua katika kundi la wagonjwa kwa asilimia 5. Je, mtu ambaye kipimo kimesema anaugua, na ambaye hakuna kingine kijulikanacho kumhusu, ana uwezekano gani wa kuugua kweli? Wengi walijibu asilimia 95. Ni 11 pekee waliopata jibu sahihi, takriban asilimia 2.

Hesabu yenyewe haishindi ya dukani. Kati ya watu 1,000, mgonjwa ni mmoja, ilhali wazima wapatao 50 wataambiwa wanaugua. Daktari asiyelijua hilo ataagiza dawa, pengine hata upasuaji, kwa mtu mzima wa afya, na jamaa zake watauza ng'ombe kulipia bili. Ndiyo maana VVU havithibitishwi kwa kipimo kimoja.

Sisemi kalkulasi haina kazi. Anayetaka kuelewa jinsi dawa inavyopungua mwilini saa baada ya saa, au kuwa mtafiti, ataihitaji. Ila daktari wa kawaida wa hospitali ya kaunti hukutana na asilimia na uwezekano kila siku, na kalkulasi kwa nadra mno.

Mwanafunzi wa Gredi ya 10 anayelenga udaktari basi asikimbilie Hisabati nyepesi kwa kuogopa alama. Akiuacha mkondo wa sayansi, atakuwa ameziacha pia Biolojia na Kemia ambazo vyuo vitamdai. Hisabati kamili ina takwimu ndani yake. Kazi ya mzazi ni kuuliza shuleni kama sehemu hiyo inafundishwa ipasavyo au inapitiwa juu juu.

Na anayepanga kusomea Marekani? Achukue somo la takwimu bila kusita, kisha atazame masharti ya kila chuo: baadhi hudai muhula wa kalkulasi, vingine havidai hisabati yoyote. Aidha, vyuo vingi vya udaktari vya huko havipokei wanafunzi wa kigeni wasio na kibali cha ukaazi wa kudumu, jambo ambalo familia nyingi hulijua baada ya karo ya miaka minne kulipwa.