Hali ya Nyumba Haijuliwi kwa Siku Moja



Nenda Musoma katika usiku wa kiza, uone taa za wavuvi wa dagaa zilivyotanda ziwani. Siku hizo kibarua wa mtumbwi hurudi nyumbani na chochote mkononi, na chungu chake huchemka. Rudi kwake mwezi ukiwa mpevu, wakati taa zimezimwa na mitumbwi imepandishwa ufukoni. Utamkuta akikopa unga dukani. Mkulima wa Bunda naye ana fedha msimu wa kuuza pamba, na wakati wa palizi hana. Je, watu hawa ni maskini au si maskini? Atakayewauliza mara moja tu ataandika jawabu lililo kweli kwa siku ile, wala si kweli kwa mwaka mzima.

Kwa ajili hiyo wataalamu wa takwimu huiuliza kaya ile ile mara kwa mara, kwa miaka: mwala nini, mwalipwa ujira gani, nani aliugua, nani alifariki, mtoto gani yumo shuleni. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kilianza kazi ya namna hii mwaka 1968. Hapa Tanzania, Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilianza mwaka 2008 kwa kaya zaidi ya 3,000 za Bara na Zanzibar, na baadaye ikarudi kwa awamu kadhaa.

Lakini funzo kubwa latoka ng'ambo ya ziwa letu, Kagera. Kati ya mwaka 1991 na 1994, UKIMWI ulipokuwa ukiua wazazi wengi, kaya zaidi ya 900 ziliulizwa habari zao. Mwaka 2004 watafiti walirudi kuwatafuta watu wale wale, na waliohama wakafuatwa walikohamia. Miongoni mwao walichunguzwa 718 ambao hapo kwanza walikuwa watoto wasiofiwa. Katika kila 100, watu 19 walikuwa wamefiwa na mzazi mmoja au wote wawili kabla ya kutimiza miaka 15. Ikaonekana kwamba kufiwa na mama kulimpunguzia mtoto kimo chake cha utu uzima kwa sentimita 2, na masomo yake kwa mwaka mmoja.

Huenda mtu akasema, sentimita 2 ni nini? Lakini kimo ni daftari la mwili: humo huandikwa njaa ya utotoni na maradhi yasiyotibiwa, na maandishi hayo hayafutiki.

Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuzikwa huko mwaka 1999, alizoea kututajia maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Kagera yatuonyesha kwamba hawaji mmoja mmoja. Maradhi humwondoa mama, na mlango ule ule aliotokea ndio waingiao wenziwe.

Basi yatupasa nini? Kwanza, mdadisi akibisha hodi, tumweleze kweli. Wako wafichao mbuzi wao kwa kuogopa kodi, na wako wajifanyao matajiri kwa kuona haya. Wote wawili waharibu hesabu ya nchi nzima, na hali Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 inailinda siri ya mtu mmoja mmoja.

Pili, ewe mwenye mtumbwi na mwenye shamba, usimcheleweshee kibarua ujira wake. Dini yetu imelikataza jambo hilo waziwazi; kwani kukawia kwako wiki moja ni dawa ya mtoto wake iliyokosekana.

Tatu, na ndilo kubwa, ni habari ya yatima. Afapo mama mtaani kwetu, sote twajaa msibani, twapika, twasoma dua. Kisha matanga yakiisha kila mtu hushika njia yake. Watafiti waliokuwa wageni kabisa walirudi baada ya miaka kumi kumtafuta mtoto yule. Sisi majirani, ambao twasikia sauti yake asubuhi na jioni, hatukurudi hata baada ya mwezi mmoja. Nanyi vijana, mwulizeni yatima aliye jirani yenu kama jana alikwenda shule, na wiki ijayo mwulizeni tena.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaorudi. Wabillahi tawfiq.