Kabla Hujamwita Dalali, Mwite Ndugu Yako

Pita Kuze, Kibokoni au Mkanyageni baada ya swala ya alasiri, uangalie milango. Mmoja uliokuwa wa nyumba ya watu sasa ni wa ghala. Wa pili una kufuli tangu mzee afariki. Wa tatu umeandikwa kwa rangi nyekundu: "Nyumba hii haiuzwi." Mara nyingi aliyeandika maneno hayo hamfukuzi mnunuzi. Ni mrithi mmoja anayewazuia wenziwe.

Barazani tumezoea kusema kwamba Mji wa Kale wa Mombasa unamalizwa na wageni wenye pesa. Mimi sikubaliani. Mji huu haukuwahi kuwa wa watu wa asili moja. Waswahili, Washihiri, Mabohora na Mabaluchi wamekuwa majirani kwa vizazi. Wanaouza ni sisi wenyewe, na aghalabu tunauza kwa sababu mirathi haikugawanywa kwa wakati wake.

Chukua mfano. Mzee amefariki, ameacha mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike, na nyumba ambayo tuseme ina thamani ya shilingi milioni 16. Madeni yakishalipwa na wasia ukishatekelezwa, mama ana thumuni, yaani milioni 2. Milioni 14 zilizobaki ni mafungu saba: kila mwanamume milioni 4, kila mwanamke milioni 2. Hesabu yenyewe haina ugumu, ila nyumba haikatwi kama mkate. Basi husemwa, "Tungoje, mama bado yu hai." Miaka 20 inapita, mama anafariki, ndugu wawili wanafariki, na wale warithi sita sasa wamekuwa 20 na zaidi, wengine wako Jidda, wengine Toronto. Asiyewahi kulala chini ya boriti zile hana sababu ya kukataa pesa. Hapo ndipo dalali anapoitwa, na wa kwanza kuumia ni dada mjane anayeishi ndani.

Sheria hairuhusu pupa hiyo. Kifungu cha 170 cha Katiba kimeipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya mirathi, pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Sheria ya Urithi nayo inakataza kuuza nyumba au ardhi ya marehemu kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mali yake. Kwa hivyo, anayenunua kwa saini ya kaka mkubwa peke yake amenunua kesi.

Kisha kuna jambo letu la Mombasa: nyumba bila ardhi. Kwa miaka mingi watu wamemiliki kuta na paa huku wakimlipa mwenye ploti kodi ya ardhi. Pengine ploti hiyo ni wakfu, na wakfu hauuzwi. Mnunuzi anayeonyeshwa nyumba tu, bila hatimiliki ya ardhi iliyo chini yake, aulize anauziwa kitu gani hasa.

Tena Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Hata aliyenunua kihalali hawezi kubomoa au kuongeza ghorofa bila idhini. Na pesa zenyewe hazifiki mkononi zote. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani kwa mali ya mjini. Muuzaji anakabiliwa na kodi ya faida, iliyopanda kutoka asilimia 5 hadi 15 mwezi wa Januari 2023, ingawa sheria ina misamaha yake. Ongeza ada ya wakili na haki ya dalali. Ile milioni 2 ya dada inapopungua hivyo, atapata wapi nyumba kisiwani? Atavuka daraja kwenda Kisauni au Mtwapa, akaanze upya.

Sisemi mtu asiuze. Mwenye mgonjwa au mwenye deni ana haki ya chake. Na neno "haiuzwi" nalo limedhulumu wengi: kaka anakaa bure, anapokea kodi ya duka la chini, na dada zake wakidai fungu lao huambiwa wanavunja ukoo. Hiyo si kuhifadhi mji, ni kula haki ya watu.

Fiqhi tuliyosomeshwa ina mlango ambao tumeusahau, nao ni shufaa. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, mshirika katika mali isiyogawanywa ana haki ya kulichukua fungu la mwenziwe kwa bei ile ile aliyouziwa mtu wa nje, mradi adai mara tu anapopata habari. Wanazuoni wameiwekea masharti, kwa hivyo Kadhi aulizwe kama nyumba yenu inaingia. Lakini hata pale isipoingia, adabu yake inatufaa: anayetaka kutoka awaambie kwanza wenziwe bei, awape muda. Nyumba ithaminiwe na mtaalamu ambaye hakuletwa na upande wowote. Wanaotaka kubaki wawalipe wanaotoka kidogo kidogo, hata kwa kodi ya lile duka la chini, kwa mkataba ulioandikwa na wakili. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kama mzee wenu yu hai, Ijumaa hii baada ya swala kaeni naye kwa heshima mumuulize: hati iko wapi, ardhi ni ya nani, na nani ana deni na nani? Wengi huona aibu kuuliza, wasije wakadhaniwa wanamtakia mzee mauti. Lakini maswali hayo hayo yataulizwa tu, na ni heri ayajibu yeye barazani kwake kuliko nyinyi kuja kujibizana mahakamani.