Kidonda cha moto: kufunga si kupona



Juma lililopita, baada ya kikao, mama mmoja alibaki nyuma mpaka wenzake wote wakaenda. Ndipo akafungua kikwembe na kunionyesha mkono wa mtoto wake. Mwaka jana mtoto huyo alitumbukiza mkono katika sufuria ya maji ya bugali. Walimtunza nyumbani, na baada ya miezi miwili kidonda kikafunga, wakamshukuru Mungu. Leo vidole vitatu vimejikunja ndani ya kiganja, havinyooki tena. Akaniuliza: "Dada, kama kilipona, mbona mkono unazidi kufungwa?"

Wamama, kidonda cha moto kufunga si kupona.

Moto ukiunguza ngozi ya juu tu, mahali pale huwa pekundu, huuma sana na kutoa malengelenge. Kwa kawaida hupona kwa wiki 2 au 3. Lakini moto ukizama chini, ngozi hugeuka nyeupe, kahawia au nyeusi, ikakauka kama ngozi ya ngoma, na mara nyingi haiumi. Tusidanganyike na huko kutouma: mishipa ya kuhisi nayo imeungua. Ngozi mpya haina tena pa kuotea. Kidonda kikubwa cha namna hiyo hujifunga kwa kuvuta kando zake, kama mdomo wa mfuko unaovutwa kamba. Ndivyo kidevu kinavyoshikana na kifua, na kiwiko kinavyokataa kunyooka.

Hapo ndipo kazi ya upasuaji. Daktari huondoa ngozi iliyokufa, kisha hupandikiza ngozi nzima iliyo nyembamba sana, ambayo mara nyingi huchukuliwa pajani mwa mgonjwa mwenyewe. Kidonda kikiwa kikubwa, ngozi hiyo hutobolewa matundu madogo ikavutwa kama wavu, ili ifunike mahali pengi. Siku za kwanza haina damu yake, inanyonya ya kidondani. Ndiyo maana mtoto huambiwa asitikisike mpaka ishike. Pajani huuma kama mchubuko mkubwa, na kwa kawaida hupona kwa wiki 2 hivi.

Wengine huuliza: "Kwa nini wasichukue ngozi yangu mimi mama?" Ni neno la upendo, lakini mwili wa mtoto utaikataa baada ya muda. Ya kwake mwenyewe ndiyo inayodumu. Na aliyeonyesha faida ya kukata na kupandikiza mapema, bila kungoja kidonda kioze, alikuwa mwanamke: daktari Zora Janžekovič wa Maribor, Slovenia, aliyetangaza kazi yake mwaka 1970.

Sisi wa huku hatujasahau Sange. Tarehe 2 Julai 2010 gari la mafuta lilipinduka pale, kwenye barabara ya Uvira na Bukavu. Watu wakakimbilia kuteka mafuta, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 200 walikufa, hata waliokuwa ndani wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Majeruhi walikimbizwa Uvira na Bukavu. Siku ile hakuna aliyebisha kwamba aliyeungua ni mtu wa hospitali. Lakini mtoto akiungua jikoni kwetu, tunaanza na dawa ya meno, mawese au majani.

Basi tushike haya:

Mwagia palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20, huku sehemu nyingine za mwili zimefunikwa asishikwe na baridi. Usipake kitu. Usibandue nguo iliyogandamana. Funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali.

Usingoje kesho kama palipoungua ni uso, mkono, mguu, kiungo au sehemu za siri. Kama pamezunguka mkono au mguu mzima. Au kama panazidi viganja 10 vya mtoto mwenyewe. Uliza pia juu ya sindano ya pepopunda.

Kidonda kikipita wiki 3 bila kufunga, muulize daktari kuhusu kupandikiza ngozi. Kama hospitali yenu haifanyi, omba barua ya kupelekwa inapofanywa.

Mtoto hupenda kukunja palipoungua, kwa sababu hapo maumivu hupungua. Lakini alivyokunja ndivyo kovu litakavyomfunga. Shingo ikiungua, asilalie mto. Kiwiko na goti vinyooshwe, vidole vifungwe bandeji kimoja kimoja, na mazoezi yaendelee miezi mingi hata baada ya ngozi kushika. Na ale vizuri: mayai, maharagwe, karanga, ndakala. Ngozi hujengwa na chakula.

Na yule mama? Nilimwambia kwamba hata kovu la zamani laweza kukatwa, vidole vikanyooshwa, na ngozi ikapandikizwa pale pengo lilipobaki. Akashusha pumzi, akasema alikuwa akimficha mtoto kwa haya, watu wasiseme hakumchunga.

Wamama, sufuria humwagika katika kila nyumba. Jumatatu wawili wetu watamsindikiza hospitali, na kasha la kikundi litasaidia safari. Kama kwako kuna mtoto anayefichwa mkono ndani ya kikwembe, mlete naye.