Askari wa Geti Hana Haja ya Kujua Salio Lako

Ukitoka Thika au Ruiru wikendi kwenda Ol Donyo Sabuk, kule Kilimambogo, usitegemee kulipa kesh getini. Mbuga za KWS hulipiwa kupitia eCitizen, Paybill 222222. Hapo sina neno. Shida iko kwa bustani na mabwawa ya kuogelea ya watu binafsi: ukishalipa kwa Till unaambiwa, "Leta simu nione meseji."

Meseji ya M-Pesa huonyesha uliyemlipa, kiasi, saa, halafu salio lako. Askari ajue umebaki na ngapi ili iweje? Na foleni ikiwa ndefu, hata meseji feki hupita, maana macho huchoka.

Ndiyo maana naunga mkono mageti yanayojifungua. Mfumo unatafuta nambari ya muamala kwenye akaunti ya biashara, ikipatikana unaingia, na nambari hiyo haifungui mara ya pili. Lakini geti linalotaka QR pekee linamwacha nje mama mwenye kabambe, na amelipa kama wewe. Liwekwe vibonye vya kuandika nambari. Na stima ikipotea (watu wa Ruiru mnaijua hiyo) awepo mtu wa kufungua kwa mkono, hasa watu wakitaka kutoka.

Kwa sasa, ukiombwa simu, usiitoe mkononi. Msomee askari ile nambari ya herufi na tarakimu 10, aithibitishe kwenye simu ya biashara.